Mama akienda kibaruani, nani anabaki na mtoto?

*Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, watoto ambao hawajajua hata kutembea hushinda kwenye deikea, vituo vya kulelea watoto mchana vya chumba kimoja. Wataalamu wamebishana kwa zaidi ya miaka 70 kama malezi ya nje ya nyumba yanamjenga mtoto au yanambomoa. Katika ubishi huo wote, mtu mmoja ametajwa mara chache mno: mwanamke anayebaki na watoto.*

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, vichochoro vya Mukuru kwa Njenga, mashariki mwa Nairobi, hufurika watu wanaotembea upande mmoja. Wanaelekea Industrial Area kutafuta kibarua, na wengi huenda kwa miguu kwa sababu nauli ingekula sehemu kubwa ya ujira. Miongoni mwao wamo wanawake wenye watoto mgongoni, leso imekazwa, na mkononi wana mfuko wenye chupa ya uji, nepi mbili na nguo ya kubadilisha.

Watoto hawafiki kiwandani. Njiani mama hukata kona, akabisha mlango wa mabati, akamfungua mtoto mgongoni na kumkabidhi mwanamke aliye ndani pamoja na shilingi 50, pengine 100. Asipokuwa nazo, atalipa jioni akipata. Kisha huondoka upesi kabla mtoto hajaanza kulia, kwa sababu lango la kiwanda likifungwa siku imekwenda bure.

Kufikia saa mbili chumba hicho cha futi kumi kwa kumi kimejaa. Mkeka wa plastiki umetandikwa sakafuni. Dirisha ni moja au halipo kabisa. Yupo mtoto wa miezi minne na yupo wa miaka mitatu. Mlezi ni mmoja, wakati mwingine anasaidiwa na binti yake. Anapika uji, anabadilisha nepi, anafuta makamasi, anaamua ugomvi, na anayelia sana ndiye anayebebwa. Aliyenyamaza hubaki pale alipowekwa.

Ni huyo aliyenyamaza ambaye makala haya yanamhusu zaidi.

Nyumba iliyopungua watu

Deikea za mitaa ya mabanda hazikuanzishwa na sera yoyote. Zilizuka kwa sababu watu wa kumshika mtoto wamekwisha nyumbani. Nyanya yuko Kitui, Kisii au Busia. Shangazi naye yuko kibaruani. Dada mkubwa, ambaye zamani ndiye aliyembeba mdogo wake kutwa, yuko darasani tangu Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, na darasani ndipo anapostahili kuwa.

Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na baba wiki mbili. Tanzania mama hupata siku 84 na baba siku tatu. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Hata kwa mwenye ajira rasmi, basi, kuna pengo la miezi mitatu kati ya ushauri wa daktari na barua ya mwajiri.

Na walio na barua ya mwajiri ni wachache. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya wamo katika sekta isiyo rasmi. Mama anayefua nguo za watu mtaa wa South B hana likizo hata ya siku moja. Anarudi kazini mwili unapomruhusu, na mara nyingine kabla haujamruhusu.

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto karibu milioni 350 duniani, zaidi ya asilimia 40 ya wote ambao hawajafika umri wa kuanza shule ya msingi, wanahitaji mahali pa kulelewa mchana na hawana. Mukuru, Korogocho, Kibera na Mathare za Nairobi zimo ndani ya hesabu hiyo. Tandale na Manzese, Dar es Salaam, pia zimo.

> Dada mkubwa aliyembeba mdogo wake kutwa sasa yuko darasani, na darasani ndipo anapostahili kuwa.

Mkono mmoja haulei mwana

Ipo sauti yenye nguvu, msikitini, kanisani na kwenye vikao vya ukoo, inayosema kwamba mahali pa mtoto mchanga ni kwa mama yake tu. Sauti hiyo isidharauliwe, maana inatokana na mapenzi na mara nyingi na uchungu wa kuona watoto wakiteseka. Lakini inapoitaja mila kuwa shahidi wake, mila yenyewe inakataa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na utafiti uliofanywa katika vijiji vyetu uliwakuta akina mama wakiishi hivyo hivyo.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwasili Uganda akitokea London. Alifuatilia watoto 28 wa familia 26 katika vijiji vya Buganda vilivyo karibu na Kampala, akiwatembelea nyumbani mara kwa mara kwa miezi kadhaa. Kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1967. Nadharia maarufu ya mafungamano kati ya mtoto na mlezi, inayofundishwa leo katika vyuo vya dunia nzima, ilipata ushahidi wake wa kwanza wa nyumbani hapo Buganda, kabla Ainsworth hajaingia kwenye maabara yake ya Baltimore, Marekani.

Aliona watoto 16 wakiwa wametulia: mama akiwepo hucheza na kuchunguza, akiondoka hulia, akirudi hupoa. Saba walikuwa na wasiwasi hata mikononi mwake. Watano walikuwa bado hawajaonyesha kumfungamania. Jambo lililomgusa Ainsworth ni kwamba akina mama wa watoto waliotulia ndio waliomjua mtoto kwa undani. Walikuwa na mengi ya kusimulia kuhusu alichoanza kufanya, kinachomwudhi, namna anavyolala. Walikuwa wamemtazama.

Miaka mingi baadaye, katika nyanda za juu za Kisii nchini Kenya, Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman waliuliza swali ambalo Ainsworth hakulimaliza. Kwa Wagusii wa wakati huo, mama alirudi shambani mapema na mtoto akabaki na yaya mdogo, mara nyingi dada yake mwenyewe. Je, mtoto anaweza kumfungamania mama na yaya pia? Waliwachunguza watoto 26 na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1986. Jibu lilikuwa ndiyo. Zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na mafungamano imara na mama, na zaidi ya nusu walikuwa nayo na yaya vilevile.

Kilichofuata ndicho cha kutafakari. Mafungamano na mama yaliendana na lishe ya mtoto, yaani uzito na afya ya mwili. Mafungamano na yaya yaliendana na alama za mtoto katika vipimo vya akili. Mama alikuwa wa kunyonyesha na kutuliza. Yaya ndiye aliyeongea naye, akamchezesha, akamwonyesha vitu. Kila mmoja alijenga sehemu yake.

Huo ni ushahidi wetu wenyewe, kutoka kwenye udongo wetu, na unatosha kuondoa lawama kwa mama anayemwacha mtoto mikononi mwa mwingine. Ila unabeba sharti ambalo ni rahisi kulisahau. Yaya wa Kisii alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumwangalia. Naye alikuwa yule yule kila siku.

Quebec hawakuwa na bahati

Upande wa pili wa mjadala una hoja zake, na baadhi ni nzito. Mwaka 1951 daktari Mwingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliokosa makao baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alionya kuwa mtoto anayenyimwa upendo wa mama katika miaka ya mwanzo hupata madhara makubwa. Watoto aliowazungumzia walikuwa wa makao ya yatima na hospitali, waliotenganishwa na wazazi kwa miezi au miaka. Onyo lake lilisomwa kama hukumu dhidi ya kila mama anayefanya kazi, na hofu hiyo imesafiri hadi kwetu.

Deikea si makao ya yatima. Mtoto hurudi nyumbani jioni. Kwa hiyo ushahidi unaofaa ni wa watoto wanaokwenda na kurudi, na huo ulikusanywa kwa wingi Marekani na Canada.

Nchini Canada, katika jimbo la Quebec, serikali ilianza mwaka 1997 kutoa malezi ya mchana ya dola 5 kwa siku kwa mtoto wa familia yoyote. Akina mama wengi waliingia kazini. Lakini Michael Baker, Jonathan Gruber na Kevin Milligan walipopima watoto, walikuta ongezeko la wasiwasi na ukali, na afya na tabia zikiwa zimetetereka kulinganisha na majimbo mengine. Hata uhusiano wa wazazi na watoto nyumbani ulikuwa umeharibika kiasi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2008 na umerudiwa mara kadhaa tangu hapo.

Watetezi wa deikea hapa Afrika Mashariki wanapoutaja utafiti wa kigeni, Quebec mara nyingi huachwa nje. Naona ni kosa. Quebec inatufundisha kwamba nafasi zikifunguliwa kwa kasi kuliko walezi wanavyopatikana na kufunzwa, gharama hubebwa na mtoto. Uchambuzi wa baadaye wa takwimu zile zile ulionyesha kuwa madhara hayakuwapata wote sawa: watoto waliotoka kwenye mazingira magumu zaidi ndio walioelekea kunufaika, hali waliokuwa na malezi mazuri nyumbani ndio walioelekea kupoteza.

Marekani nako, taasisi ya afya ya mtoto ya serikali iliwafuatilia watoto 1,364 waliozaliwa mwaka 1991 katika maeneo kumi ya nchi. Ni kati ya tafiti kubwa kuliko zote kuhusu suala hili. Iligundua kuwa kwenda deikea, kwa kwenda tu, hakuvunji mafungamano ya mtoto na mama. Hatari ilikuja pale mambo mawili yalipokutana: mama asiye makini kwa mtoto wake, na deikea duni, au saa nyingi mno, au kubadilishwa walezi kila mara. Watoto wa deikea bora walikuwa mbele kidogo kwa lugha na fikra. Waliokaa saa nyingi zaidi walionyesha utundu na ubishi kidogo zaidi. Na kwa jumla, familia ilikuwa na uzito zaidi kuliko deikea.

> Mafungamano na mama yaliendana na lishe ya mtoto. Mafungamano na yaya yaliendana na akili yake.

Kikombe kinapoanguka

Kwa nini idadi ya watoto kwa mlezi mmoja ina uzito hivi? Mtazame mtoto wa miezi tisa aliyekaa kwenye mkeka na kikombe cha plastiki. Anakiangusha. Anamtazama mlezi. Mlezi akisema, "Ala! Kimeanguka!" na kumrudishia, mtoto amejifunza mambo manne kwa mpigo: kwamba kitu kikiachwa huanguka, kwamba sauti fulani inahusu kitu fulani, kwamba akitazama mtu atatazamwa, na kwamba duniani yeye anaweza kusababisha jambo. Atakiangusha tena. Ataangusha mara ishirini, na kila mara anataka jibu.

Mtoto hujenga ubongo wake kwa majibizano ya namna hiyo, mamia kwa siku. Kufikia umri wa miaka mitano ubongo wake umeshafikia takriban asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Hakuna darasa litakalokuja baadaye likawa na nafasi kama hiyo.

Sasa mpe mlezi yule watoto kumi na wanane. Hata awe na moyo wa dhahabu, hana macho ya kutosha. Kikombe kinaanguka na hakuna anayejibu. Mtoto hujaribu tena, mara ya tatu, mara ya nne, kisha huacha. Mgeni akiingia atasifu: watoto wa hapa wametulia kweli. Wapo wanaotulia kwa sababu wameshiba na wanajisikia salama. Wapo waliokata tamaa ya kujibiwa. Kutofautisha makundi hayo mawili kunahitaji mtu anayemjua kila mtoto kwa jina na kwa tabia, kama wale akina mama wa Buganda.

Mwili nao hutoa ushahidi. Mtoto akiwa nyumbani, kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msukosuko, kwa kawaida hushuka kadiri siku inavyosonga. Tafiti za Marekani zimeonyesha kuwa kwa watoto wengi wadogo walioko deikea hupanda badala ya kushuka, hasa pale walezi wasipokuwa makini. Magonjwa pia huongezeka mwanzoni: kuhara, mafua, masikio. Kwenye chumba kisicho na dirisha, chenye choo cha kushirikiana na maji ya kununua kwa mtungi, hilo halihitaji maabara kuthibitishwa.

Jambo moja wazazi hulielewa kinyume. Mtoto wa miezi minane hadi mwaka mmoja na nusu anayelia asubuhi mama akiondoka yuko sawasawa. Ndivyo umri huo ulivyo, na kilio chake ni dalili kwamba anamjua mama yake. Anayepaswa kuangaliwa zaidi ni yule anayekwenda kwa yeyote bila kujali, na asiyemkimbilia mtu jioni. Na anayekutwa amelala usingizi mzito kila siku, saa yoyote atakayofuatwa, mama aulize bila woga amepewa nini. Hofu ya watoto kulazwa kwa dawa za mafua imezungumzwa Nairobi kwa miaka.

Pwani walitangulia

Kuna mahali ambapo hili lilifanywa vizuri, na halikuhitaji utajiri. Miaka ya 1980, jamii za Waislamu wa Pwani ya Kenya zilitaka watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa tayari bila kuipoteza dini na lugha yao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ulianza Mombasa mpango wa chekechea za madrasa, ukiongozwa mwanzoni na mwalimu Bi Swafiya Said. Zanzibar uliingia mwaka 1990 na Uganda 1993.

Walimu walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, wengi wakiwa hawajapata mafunzo ya ualimu kabla. Walifunzwa, kisha wakatembelewa na kusaidiwa darasani kwa muda mrefu baada ya mafunzo, jambo ambalo miradi mingi huliacha. Vifaa vilikuwa vifuu, makombe ya pwani, mbegu na vizibo vya chupa. Chekechea ilikuwa mali ya jamii, na kamati ya wazazi ndiyo iliyosimamia fedha.

Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walilinganisha watoto wa chekechea hizo nchini Kenya, Zanzibar na Uganda na watoto wa chekechea nyingine, na wengine waliobaki nyumbani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watoto waliokwenda chekechea yoyote walikuwa mbele ya waliobaki nyumbani, na wa madrasa walikuwa mbele ya wote.

Hao, kusema haki, walikuwa watoto wa miaka mitatu na kuendelea. Mtoto wa umri huo anatafuta wenzake na anafaidika na kundi. Mchanga wa miezi mitano hana haja na wenzake. Anamhitaji mtu mzima mmoja. Mjadala wetu hupotea kila tunapowaweka wawili hao chini ya jina moja la deikea.

Kwa wachanga, ushahidi unaotajwa zaidi unatoka Chapel Hill, North Carolina. Kuanzia mwaka 1972 mradi wa Abecedarian uliwapokea watoto wa familia maskini tangu uchanga, siku nzima, hadi miaka mitano. Watoto 111 walishiriki, sehemu yao wakiwa kundi la kulinganishia. Walipofika umri wa miaka 30, asilimia 23 ya waliolelewa hapo walikuwa na shahada, dhidi ya asilimia 6 ya wenzao. Kwa wachanga, kila mlezi alikuwa na watoto watatu.

> Mchanga wa miezi mitano hana haja na wenzake. Anamhitaji mtu mzima mmoja.

Hesabu ya shilingi 50

Tuchukue idadi hiyo ya watoto watatu, ambayo ndiyo sheria ya Uingereza inayotaka kwa walio chini ya miaka miwili, tuilete Mukuru. Watoto watatu kwa shilingi 100 ni shilingi 300 kwa siku. Ndani yake itoke kodi ya chumba, makaa, unga wa uji, maji, sabuni na chakula cha mlezi mwenyewe na watoto wake. Haiwezekani. Akipokea watoto kumi na watano kwa shilingi 50, ana 750, na hapo ndipo anapoanza kupumua. Na siku ambayo nusu ya akina mama hawakupata kibarua, nusu ya mapato hayo haipo.

Tumezoea kusikia mlezi wa deikea akilaumiwa kwa tamaa. Mimi nasema asilaumiwe kabla hajapigiwa hesabu hii. Bei iko pale ilipo kwa sababu mama hawezi kulipa zaidi, na watoto wako wengi kwa sababu bei iko pale. Wote wawili ni maskini, na wanauziana huduma ambayo katika nchi tajiri hugharimu sehemu kubwa ya mshahara au hulipiwa na serikali.

Nini hutokea mtu wa tatu akilipa? Hilo lilijaribiwa Korogocho, karibu na jaa la Dandora, mwaka 2015 na 2016. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill na wa kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, APHRC, chenye makao Nairobi, waliwahusisha akina mama zaidi ya 1,200. Baadhi walipewa vocha za kulipia deikea, wengine hawakupewa. Waliopewa walikuwa na uwezekano wa kuwa kazini uliozidi wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia, na walionufaika hivyo zaidi ni walioolewa. Akina mama wanaolea peke yao walipunguza saa za kazi bila kipato kushuka, kwa sababu waliweza kuhamia kwenye kazi zenye saa zinazoeleweka.

Naona matokeo hayo ya mama anayelea peke yake yana thamani kubwa kuliko yote. Saa zilizopungua kazini ni saa za jioni ambazo mtoto anaweza kuwa naye. Na kama utafiti wa Marekani unavyosema, nyumbani ndiko kwenye uzito.

Kufunga au kuinua

Wakuu wa mji wanapotembelea deikea hizi, jibu la kwanza huwa ni kufunga. Hawana makosa kuogopa: moto mmoja kwenye chumba chenye mlango mmoja ni msiba. Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2017 sheria ya vituo vya kulelea watoto. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo chini yake vituo vya kulelea watoto mchana hutakiwa kusajiliwa kupitia ustawi wa jamii.

Lakini kituo kikifungwa Jumatatu, Jumanne mama bado anakwenda kibaruani. Mtoto atakwenda kituo kingine kilichojificha zaidi, au atafungiwa ndani na kaka yake wa miaka sita, au ataitwa binti kutoka kijijini. Dar es Salaam, Mwanza na Arusha tunamwita dada wa kazi. Mara nyingi dada huyo ni mtoto wa miaka kumi na minne aliyekatishwa shule ili mtoto wa mwingine alelewe. Familia nyingi zinazoona deikea ni hatari hazijapata kumhesabu huyu.

Ipo njia nyingine, ya kuinua kilichopo. Shirika la Kidogo, lililoanzia Nairobi muongo uliopita, hufanya kazi na wanawake ambao tayari wanaendesha deikea mitaani: huwafunza, huwatembelea na kuwaunganisha na wenzao. APHRC nayo imejaribu Nairobi kuwakutanisha walezi hawa na wahudumu wa afya wa jamii, ili mtoto aliyedumaa au asiyesikia agundulike mapema. Tanzania, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, imeweka kwa mara ya kwanza afya, lishe, ulinzi, ujifunzaji na malezi yenye mwitikio kwenye kapu moja la mipango. Nchi ambayo asilimia 30 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kwa takwimu za 2022, ilihitaji kufika hapo.

Mafunzo pekee, hata hivyo, hayapunguzi watoto kumi na watano wakawa watano. Mlezi aliyefunzwa umuhimu wa kujibu kila kikombe kinachoanguka, kisha akaachwa na watoto wale wale na shilingi 50 zile zile, ameongezewa mzigo wa moyo tu. Fedha za umma lazima ziingie: vocha kama za Korogocho, uji kutoka kwenye bajeti ya lishe, maji, posho ya msaidizi wa pili.

Tarehe 30 Aprili

Kenya haihitaji kuandika upya nani anawajibika kwa malezi haya. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja vituo vya kulelea watoto, pamoja na elimu ya chekechea, kuwa jukumu la serikali za kaunti. Kaunti zimejenga madarasa ya chekechea kwa watoto wa miaka minne na mitano na kuwaajiri walimu. Kwa walio chini ya hapo, sehemu ya vituo vya kulelea watoto katika kifungu hicho hicho imebaki karibu tupu.

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti yafikishwe kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Mikutano hiyo ya maoni mara nyingi huwa asubuhi, siku za kazi, kumbi za mjini, saa ambazo mama wa Mukuru yuko kiwandani na mlezi hawezi kuacha watoto. Kaunti inaweza kuanzia hapo, na haitagharimu chochote: mkutano wa bajeti ya malezi ufanyike Jumapili alasiri ndani ya mtaa, walezi wa deikea waalikwe kwa majina yao, na swali la kwanza wanaloulizwa liwe ni kiasi gani kingewawezesha kubaki na watoto watano.